Kuvua kwa ndoana kwenye maji baridi: mtafute samaki kwanza

Sehemu kubwa ya maji unayoyaona mbele yako, iwe ni mto, ziwa, bwawa au lambo, haina samaki wa kunasa kwa saa hiyo. Samaki hujikusanya penye chakula, penye oksijeni ya kutosha na penye maficho, au angalau mahali anapoweza kutulia bila kushindana na mkondo. Ndiyo maana watu wawili hukaa hatua ishirini kutoka kwa mwenzake, chambo ni kile kile, mmoja akavuta samaki mfululizo na mwingine akarudi mikono mitupu. Aliyepata alikuwa ameweka ndoana mahali samaki alipo.

Wengi wanaoanza hufanya kinyume. Hununua fimbo ya bei kubwa, hukaa popote palipo na kivuli kizuri cha kukalia, kisha hulaumu chambo. Mimi humshauri kila anayeniuliza atumie nguvu zake kwanza kujifunza kusoma maji, kwa sababu ujuzi huo utamfaa hata akiwa na ufito wa mwanzi na ndoana moja.

Kabla ya safari, ulizia sheria za maji unayokwenda. Mahali pengi leseni inatakiwa hata kwa ndoana moja, kuna miezi ya kufunga uvuvi ili samaki wazaliane, na kuna urefu ambao samaki akiwa chini yake lazima arudishwe. Muulize afisa uvuvi au wenye eneo. Maneno ya mvuvi mwenzako hayatoshi, maana sheria hubadilika.

Hatua ya 1: Soma maji

Ukifika, usifungue mkoba wa vifaa. Simama mbali kidogo na ukingo, angalia maji kwa robo saa.

Mtoni, samaki huelekeza kichwa upande maji yanakotoka. Chakula chake huletwa na mkondo kutoka huko. Lakini hataki kuogelea kwa nguvu kutwa nzima, kwa hiyo hukaa kwenye maji ya taratibu yanayopakana na maji ya kasi. Chakula kikipita, anachomoka, anakinyakua, anarudi. Tafuta mpaka huo wa maji mawili. Mara nyingi unaonekana wazi juu ya maji: povu, majani makavu na takataka ndogo husafiri kwa foleni kwenye mstari mmoja. Ndoana yako ipite kwenye mstari huo.

Jiwe kubwa katikati ya mto lina sehemu mbili za kujaribu. Nyuma yake maji hutulia, na kila mtu hurusha hapo. Mbele yake pia, pale maji yanapogonga jiwe na kupunguza kasi, samaki hupumzika, na sehemu hiyo husahauliwa. Kwenye kona ya mto, mkondo hula ukingo wa nje na kurundika mchanga ukingo wa ndani. Kina kiko nje, na mara nyingi ukingo umechimbika chini ya mizizi na kuacha pango ambalo samaki wakubwa hulipenda. Jaribu pia mahali mito miwili inapokutana, na maji yanayotibuka chini ya maporomoko madogo, kwa kuwa hapo oksijeni ni nyingi.

Ziwani na bwawani hakuna mkondo wa kukuongoza, kwa hiyo tafuta mahali kitu kinapobadilika: magugu yanapoishia na maji wazi kuanza, mchanga unapokutana na mawe, kina kifupi kinapoporomoka ghafla kuwa kirefu, mti ulioanguka majini, rasi inayoingia ndani ya maji, mdomo wa kijito. Umbo la nchi kavu huendelea chini ya maji. Ukingo ukiwa mkali kama genge, kina kiko karibu. Ukiwa tambarare, utatembea mbali kabla maji hayajafika kifuani. Kwenye bwawa lililojengwa, sehemu yenye kina zaidi kwa kawaida iko karibu na ukuta, na mkondo wa mto wa zamani bado umelala chini kama mtaro unaopitwa na samaki.

Kuna njia rahisi ya kupima sakafu ya maji bila chombo chochote. Funga chubwi (kile kizito cha kuzamisha chambo) peke yake kwenye mshipi, yaani uzi wa kuvulia, bila ndoana. Rusha, kisha hesabu tangu chubwi iguse maji mpaka mshipi ulegee. Hesabu ndefu, kina kirefu. Halafu ivute polepole huku kidole cha shahada kikiwa kimegusa mshipi. Tope huvuta kwa uzito laini usiobadilika. Changarawe hugonga, tik tik tik, hadi kwenye kidole. Magugu hushika, hulegeza, hushika tena. Rusha upande huu na ule, na baada ya dakika kumi utakuwa na ramani kichwani: hapa tope, pale changarawe inaanza, kule kuna shimo. Mpaka wa tope na changarawe ni mahali pazuri pa kuanzia.

Upepo nao ni wa kuangaliwa. Ukivuma upande mmoja kwa saa kadhaa, husukuma maji ya juu pamoja na vijidudu na wadudu walioanguka hadi ukingo unaopigwa na mawimbi. Vidagaa hufuata chakula hicho, na wakubwa huwafuata vidagaa. Kurusha dhidi ya upepo kunachosha, lakini samaki wapo huko, na wala huhitaji kurusha mbali.

Kisha joto. Maji ya nyuzi 10 za Selsiasi yanaweza kubeba takriban miligramu 11 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubeba kama 7.5 tu. Ndiyo sababu wakati wa joto kali samaki husogea kwenye midomo ya vijito, kwenye ukingo wenye upepo na kwenye kivuli. Wengi hudhani kuwa kukiwa na joto samaki wote hushuka kwenye kina kirefu kabisa. Kwenye maziwa na mabwawa yenye kina na maji tulivu hilo hukosea mara nyingi, kwa sababu maji ya moto hukaa juu, ya ubaridi chini, na tabaka hizo mbili hazichanganyiki. Tabaka la chini hukaa muda mrefu bila kuguswa na hewa na oksijeni yake huisha. Ukitega sakafuni kwenye kina kirefu sana siku kama hiyo unaweza kuwa unavua mahali ambapo samaki hawezi kupumua. Pandisha chambo hadi kina cha kati.

Hali ya hewa ikiwa ya joto, alfajiri na jioni ni saa bora. Kukiwa na baridi, subiri mchana maji ya kando yapate joto. Mawingu hurefusha muda wa kula kwa sababu samaki wawindaji hawapendi mwanga mkali.

Dalili nyingine zitazame tu: vidagaa wakiruka kwa kundi ghafla, kuna anayewafukuza. Mapovu madogo yanayosogea kwa mstari hutoka kwa samaki anayefukua tope, ila mapovu yanayotoka pale pale bila kuhama ni gesi ya matope. Mdiria akikaa tawi lile lile na kupiga mbizi mara kwa mara, vidagaa wapo hapo.

Hatua ya 2: Usijitangaze

Hapa ndipo samaki wengi hupotea kabla ndoana haijagusa maji, na nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu halihitaji hela hata kidogo.

Mwanga hupinda unapoingia majini. Kwa hiyo samaki akitazama juu huiona dunia ya nje kupitia duara moja tu juu yake, lenye upana unaozidi kidogo mara mbili ya kina alichopo. Akiwa kwenye kina cha mita moja, duara lake lina upana wa kama mita 2.3. Nje ya duara hilo uso wa maji kwake ni kioo kinachomrudishia sura ya chini. Vitu vilivyo karibu na usawa wa maji hubanwa kwenye pindo za duara hata havieleweki, bali mtu aliyesimama wima juu ya ukingo huonekana vizuri. Chutama au kaa. Ukiwa na kichaka nyuma yako ni bora zaidi kuliko anga tupu. Angalia pia kivuli chako na cha fimbo visitangulie kwenye maji.

Mazungumzo ya kawaida hayamsumbui sana, kwa kuwa sauti ya hewani huingia majini kwa shida. Hatua nzito ndizo zinazomfukuza. Samaki ana mstari wa vihisio unaopita ubavuni, unaonasa mtikisiko mdogo wa maji, na kishindo cha mguu ukingoni au ndoo iliyodondoshwa ndani ya mtumbwi humfikia mara moja. Tembea kwa kukanyaga taratibu, weka vitu chini kwa mkono.

Mtoni, kwa sababu samaki anaangalia juu ya mto, mkaribie kutoka chini. Na popote pale, mrusho wa kwanza uwe wa karibu, mita mbili tatu kutoka ukingoni, kisha ndipo uende mbali. Anayeanza kwa kurusha mbali kabisa hupitisha mshipi juu ya samaki waliokuwa miguuni pake.

Hatua ya 3: Vifaa

Vifaa vya kuanzia ni vichache. Kwenye lambo au kando ya magugu, ufito wa mwanzi wa mita tatu hadi nne na mshipi wa urefu huo huo vinatosha, na kwa uvuvi wa karibu unaweka chambo kwa usahihi kuliko rili (kifaa cha kukunjia mshipi) yoyote. Ukihitaji kurusha mbali, chukua fimbo ya mita 2 hadi 2.5 yenye ugumu wa kati na rili ya kawaida ile yenye mkono wa waya unaofunguka na kufungika. Jaza mshipi kwenye bobini hadi ubakize milimita 2 au 3 kufika ukingo wake. Ukijaza kidogo hautaruka mbali, ukijaza kupita kiasi utatoka kwa mafungu na kusokotana.

Mshipi wa nailoni ndio ninaoupendekeza kwa anayeanza. Unavutika kidogo, na mvutiko huo husamehe samaki anapokurupuka ghafla. Unene wa milimita 0.20 hadi 0.25 unatosha perege na samaki wa saizi hiyo. Kwa kambare wakubwa na wawindaji wenye nguvu nenda 0.35 hadi 0.40. Mshipi wa kusukwa hauvutiki, hivyo unahisi kila mguso, na ni mwembamba kwa nguvu yake, ila unaonekana majini na hukatika haraka ukisugua mawe. Ukiutumia, malizia na mita moja au mbili ya nailoni mbele. Jua huidhoofisha nailoni. Itunze kivulini na ubadilishe inapoanza kukwaruza au kukaa na mikunjo isiyonyooka.

Namba za ndoana huchanganya wengi. Kuanzia namba 1 kwenda juu, namba inavyozidi ndivyo ndoana inavyopungua: namba 12 ni ndogo kuliko namba 8. Baada ya 1 upande wa kubwa huja 1/0, 2/0, 3/0, na hizo huongezeka ukubwa kadiri namba inavyopanda. Perege mwenye mdomo mdogo anahitaji kati ya 12 na 8. Kambare na wawindaji wakubwa, 1/0 hadi 4/0. Ukiwa njia panda, chagua ndogo, kwa sababu samaki mkubwa ataimeza ndoana ndogo na mdogo hawezi kuimeza kubwa. Kila unapotega, jaribu makali: buruta ncha juu ya ukucha wa dole gumba bila kukandamiza. Ikishika na kukwaruza, ni kali. Ikiteleza, inoe kwa jiwe dogo au itupe mahali salama.

Chubwi iwe nyepesi kadiri inavyowezekana, ya kufikisha chambo mahali na kukituliza, basi. Risasi ni sumu kwa ndege wa majini wanaoimeza; Uingereza ilipiga marufuku chubwi za risasi za saizi nyingi tangu 1987. Zikipatikana za chuma au madini mengine, chukua hizo. Ongeza koleo yenye mdomo mwembamba, mkasi, wavu wa kuopolea, na miwani ya jua ya aina inayokata mng'ao wa maji, ambayo pia hulinda macho na ndoana zinazoruka.

Hatua ya 4: Fundo

Samaki anayekatika kwenye fundo huondoka na ndoana mdomoni, kwa hiyo fundo ni wajibu wako kwake. Kwa nailoni, hili moja litakutosha:

1. Pitisha ncha ya mshipi kwenye tundu la ndoana na uvute sentimita 15 hivi.
2. Izungushe ncha hiyo kwenye mshipi mkuu mara tano hadi saba.
3. Irudishe ncha, ipite kwenye kitanzi kidogo kilicho jirani na tundu la ndoana, kisha ndani ya kitanzi kikubwa kilichojitokeza.
4. Lowesha kwa mate, vuta polepole mpaka mizunguko ijipange bila kupandana, kaza, kata ncha ubakize milimita 2 au 3.

Usiruke kulowesha. Nailoni ikikazwa kavu hupata joto la msuguano na kupoteza nguvu pale pale kwenye fundo. Kwa mshipi wa kusukwa, ukunje mara mbili, pitisha kitanzi tunduni, funga fundo la kawaida bila kukaza, pitisha ndoana nzima ndani ya kitanzi, lowesha na ukaze. Baada ya kila samaki au kila ndoana kukwama, pitisha nusu mita ya mwisho ya mshipi kati ya vidole. Ukihisi ukwaruzo wowote, kata sehemu hiyo ufunge upya.

Hatua ya 5: Chambo

Chambo bora ni kile samaki anachokula siku hiyo. Geuza mawe mawili matatu kando ya maji uone wadudu waliopo, tazama kinachoanguka kutoka kwenye miti. Ukimchukua samaki wa kwanza, fungua tumbo lake. Hakuna mshauri mzuri kuliko huyo.

Nyungunyungu hukubalika na karibu kila samaki wa maji baridi. Perege hula zaidi mwani na vijidudu, na hudonoa badala ya kunyakua, kwa hiyo mpe kipande kidogo cha nyungunyungu au donge la unga lenye ukubwa wa punje ya njegere. Unga kanda na maji kidogo kidogo mpaka uache kunata vidoleni, kisha ufunike usikauke. Kambare ni tofauti kabisa. Ndevu zake na hata ngozi ya mwili vina vihisio vya ladha, na huwinda gizani kwenye maji ya tope ambamo macho hayasaidii. Kwake harufu ndiyo mpango: maini, vipande vya samaki, rundo la nyungunyungu, vilale sakafuni usiku au maji yakiwa yamechafuka kwa mvua. Wawindaji wanaoona, kama sangara, hutaka kitu kinachoenda kama kidagaa.

Kosa la kawaida ni kuficha ndoana yote ndani ya chambo. Acha ncha ionekane, hata kama ni milimita moja, la sivyo utavuta chambo kutoka mdomoni mwa samaki bila kumnasa. Na uoshe mikono kwa udongo wa ukingoni ukishagusa petroli, sigara au dawa ya kufukuza mbu. Usihamishe vidagaa hai kutoka maji haya kwenda mengine. Ndivyo magonjwa na samaki wageni wanavyosambaa.

Ukitaka kuwavuta samaki mahali pamoja, mwaga chembe za chambo kidogo, mara kwa mara. Ukimwaga ndoo nzima utawashibisha.

Hatua ya 6: Kutega

*Kwa boya.* Hii ndiyo njia inayofundisha zaidi, na umuhimu wake wote uko kwenye kupima kina. Bandika chubwi nzito kuliko ya kawaida kwenye ndoana, kisha rusha mahali unapotaka kutega. Boya likizama lote, umeliweka karibu mno na ndoana, lisogeze juu. Likilala ubavu, umeliweka mbali mno, lisogeze chini. Likisimama na ncha tu ikionekana, kina kati ya boya na ndoana ni sawa na kina cha maji. Sasa ondoa chubwi ya kupimia na uamue: chambo kiguse sakafu, au kining'inie upana wa kiganja juu yake. Kwa perege, jaribu pia nusu ya kina.

Boya jembamba ni bora kuliko la mviringo, kwa sababu samaki halihisi anapolivuta. Liongezee vichubwi vidogo mpaka ibaki ncha tu juu ya maji. Lisome: likitetemeka, anadonoa, subiri. Likienda pembeni au kuzama taratibu, vuta. Likiinuka na kulala, samaki amenyanyua chambo kutoka chini na uzito umeondoka kwenye boya. Huyo naye ameshakula, vuta mara moja.

*Kwa chubwi ya sakafuni.* Tumia chubwi yenye tundu, mshipi upite ndani yake kwa uhuru, na chini yake fundo au ushanga wa kuizuia, kisha nusu mita ya mshipi hadi kwenye ndoana. Kambare akichukua chambo, mshipi huteleza bila yeye kuhisi uzito. Legeza breki ya rili kidogo na usiiache fimbo peke yake, maana kambare mzito huiburuta mpaka majini.

*Kwa chambo bandia.* Kijiko cha chuma au samaki wa plastiki hurushwa na kuvutwa. Kinachoamua ni kina na mwendo. Rusha, acha kizame, hesabu. Mrusho wa kwanza anza kuvuta ukifika tatu, wa pili sita, wa tatu tisa, mpaka upate mguso, kisha rudia hesabu hiyo hiyo. Vuta kwa mwendo usio sawa: mizunguko mitatu ya rili, tulia, miwili, tulia. Samaki anayekifuata kijiko mara nyingi hukipiga wakati kinapotua au kinapoanza kwenda tena. Usikitoe haraka kikikaribia ukingo. Mita ya mwisho ndiyo yenye miguso mingi kuliko watu wanavyodhani.

Hatua ya 7: Kumnasa na kumtoa

Kwa ndoana ya kawaida, inua fimbo kwa kiwiko na kifundo cha mkono, kwa mkato mfupi. Hakuna haja ya kuirusha nyuma ya mgongo, utampasua mdomo. Kwa ndoana ya duara, ile ambayo ncha yake imepinda kurudi ndani, usipige kabisa. Kaza mshipi taratibu kwa rili na samaki akigeuka kuondoka, ndoana hujishika yenyewe kwenye pembe ya mdomo. Ni ndoana ninayoipenda kwa kambare, kwa kuwa ni mara chache kuingia tumboni.

Breki ya rili iwekwe kabla ya kurusha, siyo samaki akishanasa. Iachie mshipi ukivutwa kwa nguvu ya kati ya robo na theluthi ya ile inayoukata. Samaki akikimbia, mwache akimbie na usizungushe rili wakati breki inaachia, utausokota mshipi tu. Akisimama, inua fimbo polepole, kisha ishushe huku ukikunja. Akielekea kwenye magugu au mizizi, laza fimbo pembeni na umvute kwa ubavu. Kichwa kikigeuka, mwili unafuata. Mshipi usilegee hata kidogo.

Wavu uweke majini kwanza, utulie, kisha mlete samaki juu yake kwa kichwa. Kumfukuza kwa wavu kwa mkia ni njia ya hakika ya kumkosa.

Lowesha mikono kabla ya kumshika. Ute wa ngozi yake ni kinga dhidi ya maradhi, na mkono mkavu huubandua. Kambare mshike nyuma ya mapezi ya kifuani, kwa sababu yana miiba migumu. Ukikusudia kumrudisha, minya chembe ya ndoana (kile kijino kilicho nyuma ya ncha) kwa koleo kabla ya kuvua ili itoke kwa urahisi, na usimweke nje ya maji zaidi ya muda unaoweza wewe kuzuia pumzi. Ndoana ikiwa imeingia kooni, kata mshipi karibu nayo. Anaweza kupona, kumchokonoa ndiko kunakomuua. Perege jike wa aina nyingi hubeba mayai na vifaranga mdomoni. Ukiona vidudu vidogo vinamwagika mdomoni mwake, mrudishe majini papo hapo. Utakayemchukua, muue mara moja kwa pigo moja la rungu juu ya macho, mtoe damu kwa kukata matamvua, mweke kwenye ubaridi.

Usalama, kwa ufupi

Fimbo za kaboni hupitisha umeme. Radi ikisikika, laza fimbo chini na uondoke majini, na kabla ya kurusha popote angalia juu kama kuna nyaya. Kwenye mtumbwi vaa jaketi la kuokolea, hata kama unajua kuogelea. Chini ya kuta za mabwawa na maporomoko maji hugeuka na kumzamisha mtu kwa nguvu. Penye mamba au viboko kaa mbali na ukingo na usivue gizani, na penye kichocho usisimame kwenye maji yaliyotuama kando ya magugu. Ndoana ikikuchoma mwilini hadi chembe imezama, nenda hospitali, na ikiwa karibu na jicho usiiguse kabisa.

Samaki asipogusa

Nusu saa bila mguso wowote, badilisha, ila badilisha kitu kimoja kwa wakati ili ujue kilichosaidia. Anza na kina, kwa sababu ndicho rahisi na ndicho kinachokosewa zaidi: panda nusu mita, kisha shuka. Halafu punguza ukubwa wa chambo na ndoana. Halafu mshipi mwembamba zaidi. Kubadilisha aina ya chambo kuje baada ya hapo, ingawa wengi huanza nacho. Chambo kikirudi kimelainishwa pembeni au kimekatwa nusu, samaki yupo na ndoana ni kubwa mno. Kikirudi kama kilivyokwenda, baada ya vina vitatu tofauti, hama. Sogea hatua thelathini hadi mahali pengine ulipopaona katika ile robo saa ya mwanzo, na upime kina upya kabla ya kutega.